Tarumbeta la Kumtoa Bibi Harusi

Dada yangu Bakhita alikula kiapo mbele ya watu kwamba mjukuu wake Hadeel hatotoka mlangoni siku ya harusi kwa muziki wa simu.

"Mimi nilitolewa kwa tarumbeta," alisema. "Mama yetu alitolewa kwa tarumbeta. Na huyu atatolewa kwa tarumbeta, au haolewi."

Manal, mkwewe, ndiye mama wa Hadeel. Alikuwa kwenye kochi anatazama picha za ukumbi, wala hakuinua uso. "Mama, ukumbi una spika za kisasa. Mtu anabonyeza tu, bibi harusi anatoka."

"Mjukuu wangu si lifti."

Ghanim, mtoto wa Bakhita na mume wa Manal, aliingia, akazitazama nyuso zile mbili, akakumbuka kwamba gari yake haina mafuta. Hatukumuona tena mpaka magharibi.

Kwa wasiojua: kwetu Unguja ilikuwepo beni, matarumbeta na ngoma, inamchukua bibi harusi kwao na kumpeleka anakokwenda, na mtaa mzima unafuata nyuma kwa miguu. Hapa Maskati watu wetu wamekuja na vingi, biriani, udi, ubishi, lakini beni imepotea njiani. Ndicho alichokitaka dada yangu. Hakutaka bendi nzima. Alitaka tarumbeta moja tu, kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa gari. Na alikwisha nitazama mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nimeshughulika na sambusa.

"Ndugu yangu huyu hapa. Kapiga beni ujana wake wote."

Kweli nimepiga. Nimepiga Ng'ambo, nimepiga Tanga na Mombasa, nimepiga kwenye meli ambayo nahodha wake alinilipa ili ninyamaze. Nimezunguka miji mingi na sikukaa hata mmoja vya kutosha kuyajua majina ya majirani. Tarumbeta langu nililiuza Salala ili nipate nauli ya kuondoka Salala. Nilibakisha kidomo tu, kile kikombe kidogo cha shaba cha kutilia midomo, kwa sababu aliyenunua alisema hataki kitu kilichokwisha kubusiana na mtu mwingine. Tangu siku hiyo kidomo kinakaa mfukoni mwangu.

Manal akaweka simu chini. "Mjomba, una tarumbeta?"

"Sina."

"Mara ya mwisho kupiga lini?"

"Wewe ulikuwa hujaolewa."

"Basi," alisema Manal, na kwa sura yake mambo yalikuwa yamekwisha. Lakini Bakhita hamalizwi namna hiyo. Walivutana mpaka chai ikapoa, mwisho wakafika pahala. Jumapili baada ya alasiri Jawaher, mama wa bwana harusi, atakuja na ndugu zake kuleta vitu vya harusi. Nitapiga mbele yao. Nikipiga vizuri, Ijumaa Hadeel atatoka kwa tarumbeta. Nikimuaibisha Manal mbele ya wakwe, itabonyezwa simu na Bakhita hatosema neno.

"Hata moja?" Manal aliuliza.

"Hata moja," alisema dada yangu, na nikajua kwamba amelitaka jambo hili kuliko nilivyofikiri, maana Bakhita kunyamaza ni kama mtu mwengine kukatwa mguu.

Siku ya Jumamosi asubuhi alinipa riali hamsini. "Ununue zuri. Lakini rahisi. Lakini zuri." Kisha akafanya lile ambalo wanawake wa kwetu hawawezi kuacha hata nyumba ikiungua: akakata pande la halwa, akalifunga kwa karatasi ya tishu, akanitilia mfukoni. "Usende kwa watu na tumbo tupu."

Rafiki yangu Loay alinipitia na teksi yake. Loay kazaliwa Kigoma, akaja huku kijana, akafanya kazi wizarani mpaka akastaafu. Sasa anaendesha teksi ili asikae nyumbani na mkewe akamtuma. Kiyoyozi cha gari yake kinapuliza upande wa dereva tu.

"Mzee Muhanna, tunatafuta nini leo?"

"Tarumbeta."

Akaendesha kidogo. "Ninyi watu wa visiwani," alisema, "kuoa kwenyewe mnaona hakuna kelele ya kutosha."

Tulianzia Matrah, sokoni, kwa Jaifar. Huyu anauza majambia, ubani, na vitu ambavyo mwenyewe hajui ni nini. Mama yake wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kipo. Tarumbeta lake lilikuwa limetundikwa dukani kati ya buli na taa ya meli, kijani kwa kutu, limebonyea ubavuni kama lililopigwa teke na punda.

Sasa, katika mji huu huwezi kuuliza bei kabla ya kahawa. Jaifar akatumiminia kahawa, akatuwekea sahani ya halwa. Halwa ya Oman hailiwi kwa kijiko, unachota kwa vidole, na inakunata kama deni. Tukala, tukaulizana afya za watu wazima, watoto na waliokwisha kufa. Ndipo akaliteremsha tarumbeta, akalifuta kwa pindo la kanzu.

"Hili la zamani sana."

"La lini?"

"Zamani."

Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kidomo changu, nikakichomeka. Mpiga tarumbeta hatumii kidomo cha dukani. Ni kama mswaki. Nikavuta pumzi, nikapuliza.

Mlio uliotoka ulikuwa wa mbuzi aliyekanyagwa na mwenyewe. Hata mbuzi angeona haya. Nikapuliza tena kwa nguvu zaidi, macho yakanitoka, mbuzi akalia zaidi.

"Mzee," Loay alisema, "linaimba au linaomba msaada?"

"Sauti za zamani ndivyo zilivyokuwa," alisema Jaifar.

Nikajaribu pistoni, vile vidude vitatu vya kubonyeza kwa juu. Viwili havikutaka kushuka. Cha tatu kilishuka, kisha hakikutaka kupanda, ikabidi Jaifar akichokonoe kwa ncha ya jambia.

"Kwani linapiga hili?" nilimuuliza.

"Linaning'inia," alisema Jaifar kwa utulivu. "Kwa kuning'inia halijanipa tabu hata siku moja."

Watalii wawili waliokuwa wanapita wakasimama wakanipiga picha. Jaifar akaninong'oneza, "Puliza tena, puliza, wateja wanakuja." Nikapuliza. Watalii wakaondoka.

Tukaondoka na sisi. Nilikichomoa kidomo, nikakirudisha mfukoni bila ya kukitazama. Kidomo kile nnakijua kuliko meno yangu, nikitazame nini?

Kutoka Matrah tukenda Qurum, kwenye maduka makubwa, ambako kuna duka la vyombo vya muziki. Mwenye kuuza alikuwa binti mmoja jina lake Aya. Tulipomsalimia kwa Kiarabu akatambua lafudhi zetu, uso ukamchanua, akabadili lugha.

"Ingieni! Mnasubiri nini? Fungeni mlango, baridi inatoka!"

Mimi na Loay tukatazamana.

"Kaa! Kula tende! Mbona umekonda hivyo, huna mwenyewe?"

Kumbe Aya kalelewa na bibi yake, na bibi hakusema naye Kiswahili ila alipokuwa anamgombeza. Kwa hiyo mtoto kakijifunza vizuri, lakini upande huo tu. Alitugombeza kwa upole, huku anatabasamu, anatumiminia kahawa. Tende zake zilikuwa nzuri. Ili nisionekane nimekuja mikono mitupu, nikatoa halwa ya dada mfukoni, tukaigawana, iliyobaki nikairudisha kwenye tishu yake, tishu ambayo kufikia hapo ilikuwa imechanika.

Akatuletea matarumbeta matatu, akayaweka juu ya kitambaa. "Usishike kwa mikono michafu!" alisema, yaani karibuni.

Moja lilikuwa la shaba, jipya, la bei ya chini, linang'aa kama jino la dhahabu. Riali arubaini na tano. La pili lilipakwa fedha, ndani ya sanduku lenye kitambaa cha mahameli. Bei yake nilipoisikia nikaomba maji. La tatu lilikuwa la plastiki, bei yake karibu sawa na la kwanza.

"La nini?" aliuliza Loay.

"La plastiki. Sikio huna?" Aya alilichukua, akaligonga mezani. "Likianguka halibonyei. Jepesi. Halipati kutu kwa hewa ya bahari. Unaliosha kwa sabuni. La shaba linataka mafuta kwenye pistoni kila mara, ukilisahau linakwama. Lakini sauti ya shaba ni shaba. Wewe chagua, usinitumbulie macho."

Nikachomeka kidomo kwenye la shaba, nikapuliza. Mbuzi wa Matrah.

Nikakichomoa, nikakitia kwenye la plastiki. Mbuzi.

Aya akasita, kisha kwa mikono miwili akanipa lile la fedha, la bei ya kuombea maji. Nikapuliza kwa heshima zote. Mbuzi yule yule, labda kidogo kashiba.

Loay akasema ngoja tufanye uchunguzi wa haki. Akageuka, akatazama ukutani, akaziba macho kwa kilemba, nami nipige moja moja yeye ataje ni lipi. Nikapiga.

"Hilo la fedha."

"Plastiki," alisema Aya.

Nikapiga tena.

"Shaba. Wallahi hiyo shaba."

"Plastiki tena. Huna haya?"

Tukaendelea hivyo, na Loay hakupatia hata mara moja, mpaka mteja mmoja aliyekuja kununua nyuzi za udi, ule wa kupiga si wa kufukiza, akatoka nje kimya kimya. Mwisho Loay akavua kilemba machoni, akatoa hukumu. Kumbuka huyu mtu alikuwa wizarani.

"Mzee mwenzangu, mambo yako wazi. Matarumbeta yote yana sauti moja, na sauti yenyewe mbaya. Sasa anayenunua la ghali analipia nini? Sanduku! Chukua la rahisi kuliko yote."

"La rahisi kuliko yote lipo kwa Jaifar."

"Basi turudi kwa Jaifar."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha piano, nimechoka moyo. Niliwaambia kwamba viwanda vimeharibika. Zamani mtu akitengeneza tarumbeta alikuwa anajua anafanya nini. Siku hizi wanakupakia rangi tu, ndani hamna kitu. Nilisema mengi, na Aya alikubaliana nami kwa kunambia nifunge domo langu.

Plastiki sikuitaka hata kuisikia. Nimpelekee Bakhita ndoo yenye matundu? Tukatoka.

Loay alikuwa ameona kwenye simu tangazo la tarumbeta lililotumika, Wadi Kabir. Tukateremka huko, kwenye magereji, moto wa juu jua na wa chini lami. Tarumbeta lilikuwa la mwanamke anaitwa Bashayer, dada wa mwenye gereji, anayekaa nyumba ya nyuma. Huyu alikuwa mpigaji wa bendi ya jeshi, ile inayopiga huku imepanda farasi. Amestaafu, lakini bado anakaa kwenye kiti wima kama anayesubiri farasi aondoke.

Akatuwekea kahawa. Na halwa. Tukala, tufanyeje?

"Yalla, haya, ami, piga nikusikie," alisema, akanikabidhi tarumbeta lake. Lilikuwa limechubuka rangi pale panaposhikwa, lakini pistoni zilishuka na kupanda bila ya kuambiwa mara mbili.

Nikapuliza. Mbuzi alitufuata mpaka Wadi Kabir.

Mafundi wa gereji wakainua vichwa. Mmoja akachungulia chini ya gari aliyokuwa anaitengeneza.

"Unaona?" nilimwambia Bashayer. "Na la kwako ndivyo hivyo hivyo. Pole. Siku hizi yote yameharibika."

Bashayer akaweka kikombe chini. Akanyoosha mkono, akakichomoa kidomo changu, akakielekeza juani, akafunga jicho moja.

"Ami," alisema, "wewe unapiga tarumbeta au unalilisha?"

Akaomba waya kwa fundi, akauchomeka kwenye tundu la kidomo, akasukuma. Kikatoka kipande cha halwa, chekundu, kigumu, kimejiviringa vizuri kwa umbo la tundu, na lozi katikati, na nyuma yake mkia wa karatasi ya tishu.

Halwa ya dada yangu. Ilikuwa imo humo tangu asubuhi, tangu Matrah, na kila nilipoongeza nguvu ya kupuliza nilikuwa naikaza.

Loay alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Alipopata pumzi akasema, "Mzee! Siku nzima tumelinganisha halwa na halwa!" Kisha akacheka tena. Fundi mmoja Mhindi aliyekuwa hajui hata neno moja la Kiswahili alicheka naye, maana lozi aliiona kwa macho yake.

Bashayer akakiosha kidomo kwa maji ya moto na sabuni, na mikono yangu akaniosha pia, kama mtoto. "Sasa."

Nikapuliza taratibu. Sauti iliyotoka, jamani! Ilitoka safi, imenyooka, ikapita juu ya magari mabovu ikaenda ikagonga mlima wa upande wa pili ikarudi. Nyundo zikanyamaza. Nikapiga kipande cha mwendo wa bibi harusi, ule wa zamani. Pumzi ilinikatikia mara mbili na noti moja ilikwenda inakotaka, lakini ilikuwa beni. Nikashusha tarumbeta.

"Kiasi gani?" nilimuuliza.

Akanitajia. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilichokuwa nacho.

"Bi Bashayer," Loay alianza, kwa sauti yake ya wizarani, "ukizingatia umri wa mteja..."

"Nnauza kwa bei, siuzi kwa umri." Kisha akanigeukia mimi. "Utapiga umekaa au unatembea?"

"Natembea. Dada yangu anataka nipige kutoka mlangoni mpaka garini."

"Dada yako ataishia garini?"

Nilimfikiria Bakhita. "Hatoishia."

"Basi kachukue jepesi. Kwenye mwendo mkono unachoka kabla ya mdomo, na mkono ukishuka sauti inamwagika chini. Hili langu la mtu mwenye mabega. Lile la plastiki umelidharau kabla hujalisikia."

Tukarudi Qurum. Aya alikuwa amesimama nyuma ya meza, mbele yake matarumbeta matatu yamefunguliwa vipande vipande, na mkononi kashika kitambaa chenye alama ya halwa. Alipotuona, Kiswahili chote cha bibi yake kikamtoka kwa mpigo mmoja.

"Mchafu wee! Mikono hunawi? Umefunzwa na nani? Mtu mzima ovyo!"

Kwa mara ya kwanza siku ile, kila neno lake lilikuwa mahala pake. Nikainamisha kichwa, nikaomba radhi, nikamuonesha mikono yangu, ndani na nje. Akaikagua kucha moja moja. Ndipo akaniruhusu.

Safari hii tulipolinganisha, tulilinganisha kweli. La shaba la bei ya chini lilikuwa na sauti kubwa, lakini pistoni yake ya kati ilikuwa nzito kupanda, kama kijana anayeamshwa sala ya alfajiri. Unaibonyeza, unakwenda noti nyingine, yeye bado yuko chini. Aya akaitia mafuta, ikapanda mara moja kwa ajili ya mgeni, ikalala tena. La fedha sikuligusa, ili nisije nikalizoea. La plastiki nilipolipuliza lilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua kidogo. Lakini mtu mkweli. Noti zilikaa pale nilipoziweka, pistoni zilikwenda, na kwa uzito wake nilikuwa naweza kulibeba mpaka Sohar kwa miguu.

Loay aligeuka tena ukutani akaziba macho. Mara hii alipatia yote, akajipigia makofi.

"Rangi gani?" aliuliza Aya. "Kuna nyekundu na zambarau. Amua, usinipotezee wakati."

"Chukua nyekundu," Loay alisema. "Magari yakuone."

Jumapili Bakhita alilitoa kwenye mfuko, akalishika kwa vidole viwili, akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Muhanna. Hiki nini?"

"Tarumbeta."

"Nna ndoo mbili za rangi hii. Moja ya kudekia."

Nikaanza kumueleza habari za pistoni na hewa ya bahari, lakini mlango ulikwisha gongwa. Jawaher aliingia na dada zake, wamejitanda wote kwa heshima yangu, na masinia ya nguo na manukato nyuma yao. Mashangazi wa Hadeel, mabinti wa Bakhita, wakazungusha kahawa. Halwa ikaja, mimi nikaweka mkono kifuani, nikakataa, na wageni wakashangaa ni ugonjwa gani huo. Hadeel alikaa karibu na bibi yake, amemshika mkono. Manal alikuwa amekwisha kuunganisha simu yake na spika, ameiweka pembeni tayari, na alipoliona tarumbeta langu jekundu alitabasamu tabasamu la mtu ambaye mechi imekwisha kabla ya kuchezwa.

"Mjomba, tunakusikiliza," alisema.

Nikasimama. Bakhita alikuwa kimya. Ameuma ukingo wa mtandio wake, macho chini, na kwa umri wote nilionao sijapata kumuona dada yangu yuko chini ya mtu. Nikainama kama natengeneza kiatu.

"Piga tu," alinong'ona. "Hata kama vibaya. Nisikie mara moja."

Nikanyanyua tarumbeta, nikaanza ule mwendo.

Sikufika noti ya tatu. Bakhita alipiga kigelegele kilichotetemesha vikombe. Mashangazi wa Hadeel, waliozaliwa Unguja na hawakusikia sauti hii tangu wana meno ya utoto, wakakidaka, wakakipokeza. Mimi nilikuwa napuliza lakini hata mwenyewe sikujisikia.

"Nyamazeni!" alisema Manal. "Hatusikii anapiga nini! Mjomba, anza upya."

Nikaanza upya. Vigelegele vikaanza nami. Nilikosea noti mbili kubwa, zile za kuaibisha ukoo, zikazama humo humo, hakuna aliyezijua isipokuwa mimi na Mungu wangu.

"Mama! Tumekubaliana asikilizwe!"

"Mimi nimekwambia sitosema neno," alijibu Bakhita. "Kuna neno hapa?" Akapiga jingine.

Mara ya tatu Jawaher mwenyewe, ambaye kwao ni bara ya Oman huku huku na beni haijui, alisimama akaanza kupiga makofi. Dada zake wakasimama. Masinia yakainuliwa tena vichwani, bila ya mtu kuamrisha, na Bakhita akamshika Hadeel mkono, akafungua mlango wa mbele, akatoka. Mimi nifanyeje? Mwenye tarumbeta hutangulia. Nikakimbia mbele yao, napuliza.

Sasa Qurum, anakokaa dada yangu, hakuna mtu anayetembea. Watu wa Qurum wanakwenda kwa gari mpaka kwa jirani wa ukuta mmoja. Barabara ile labda tangu iwekwe lami haijaona miguu mingi vile: mzee na tarumbeta jekundu, bibi kizee na fimbo haitumii, bibi harusi na viatu vya ndani, masinia, mashangazi, na nyuma kabisa Loay, aliyekuwa ananisubiri nje katika teksi yake, anapiga honi kwa mwendo wa ngoma kwa sababu ngoma hatukuwa nayo. Milango ya majumba ikafunguka. Mlinzi mmoja akapiga saluti, sijui alidhani ni nani. Magari yakasimama pande mbili, mengine yakajibu kwa honi, na kila moja na sauti yake.

Manal alitufuata mbio, buibui linapepea, kiatu kimoja mkononi. "Rudini! Rudini ndani! Watu wanatazama!" Hakuna aliyemsikia. Akatupita ubavuni, akafika mbele, akasimama katikati ya njia panda, na nikajua sasa ndiyo basi, atanipokonya. Gari moja kubwa nyeupe ilikuwa inakuja kasi kutoka upande wa bahari. Manal akainyooshea kiganja, na kile kiatu, na uso ule ambao Ghanim anaukimbia. Gari ikasimama hapo hapo.

Tukapita mbele yake kwa mwendo wa taratibu, Hadeel anacheka na machozi, Bakhita kidevu juu. Nilikuwa sina pumzi tena, nilikuwa napiga noti moja kwa hatua mbili, lakini mkono haukushuka.

Manal aliishikilia gari mpaka sinia la mwisho likapita. Kisha akavaa kiatu chake, akanifikia, akatembea sawa nami, akifikiri, kama anayepima barabara kwa macho.

"Mjomba," alisema mwisho, kwa sauti ya kupiga kelele ili nimsikie, "Ijumaa mtakaa upande wa kulia. Hapa mnaziba njia."